Betri ya glaida ya umeme: anza na mota, mAh itakuja yenyewe

Wapenzi wenzangu wa ndege ndogo hapa Uganda, swali naloulizwa kuliko yote ni "ninunue betri gani ya glaida yangu", na karibu kila anayeuliza anakuwa na jibu lake tayari kichwani, anataka ile kubwa kabisa inayoweza kuingia kwenye pua ya ndege. Tuanzie hapo hapo maana glaida sio drone. Drone inakula umeme kuanzia inaponyanyuka mpaka inapotua, ukizima mota imeanguka. Glaida we unawasha mota sekunde ishirini au thelathini, inapanda mita mia na kitu, unazima, propela inajikunja, alafu kazi inayobaki ni ya mabawa na hewa. Umeme unatumika kwa vipindi vifupi tu, lakini uzito wa betri unaubeba safari nzima, dakika zote zile unazunguka ukitafuta hewa inayopanda betri imekaa ndani inakuvuta chini. Kwa hiyo betri ya glaida ichague kama uzito kwanza, afu kama nguvu ya muda mfupi, na mAh (kiasi cha umeme betri inachobeba) iwe jibu la hesabu sio kitu cha kuanzia.

Ili hesabu zisielee, nitatumia ndege moja mwanzo mpaka mwisho: glaida ya sponji ngumu, mabawa mita 2, uzito gramu 900 na betri ikiwa ndani, mota ya 1000 kv hivi, propela ya kukunja, ESC (kale kadude kati ya betri na mota kanakoongoza kasi ya mota) ya ampea 30. Glaida nyingi za kuanzia ziko karibu na hapo. ParkZone Radian ya mita 2 kwa mfano ilikuja na lipo (betri ya lithiamu polima) ya 3S 1300, yani seli tatu za mAh 1300, na ukishafuata hizi hesabu utaona hawakubahatisha.

Hatua ya 1: Aina ya betri

Nikeli kadmiamu ndio walioanza nazo wazee wa ndege za umeme, seli moja volti 1.2, wanafunga seli 7 kwa mstari wanapata volti 8.4 na pakiti inakaribia gramu 400. Leo lipo ya 3S 2200 inakupa volti 11.1 kwa gramu 180 na kidogo. Kadmiamu yenyewe ni sumu, kwa hiyo ukipewa pakiti ya zamani usiitafutie kazi. NiMH (za nikeli pia ila bila kadmiamu) bado zina kazi nzuri kwenye transmita, yani rimoti ya mkononi, hasa zile zinazotunza chaji muda mrefu kama Eneloop, ila kwenye pua ya glaida muda wake umepita.

LiFePO4 ni volti 3.2 kwa seli, inavumilia sana na si rahisi kuwaka moto, lakini ni nzito ukilinganisha na umeme inaobeba. Iweke kwenye sanduku lako la kuchajia uwanjani.

Zinabaki mbili za kufikiria kweli, lipo na zile seli za duara za 18650. Lipo ndio jibu kwa watu wengi: seli moja inahesabiwa volti 3.7, ikijaa ni 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 inaanza kuharibika hata kama itakubali kuchajiwa tena. Inatoa ampea nyingi kwa mpigo mmoja na hiyo ndio tabia glaida inayoitaka.

Kwa 18650 nikae kidogo maana hapa Kampala zimejaa. Fundi wa laptop atakupa seli za kutoka kwenye betri zilizokufa kwa hela kidogo na utaona gramu 47 zinabeba mAh 2600, unapiga hesabu unafurahi. Shida ni kwamba seli za laptop zimetengenezwa kutoa ampea 4 au 5 polepole, ukizidai 18 (ndizo mota yetu inazokula, tutazipima hatua ya 3) zinapata moto, volti zinalala, ESC inadhani betri imeisha inakata mota ndege ikiwa mita kumi juu ya miti. Zipo 18650 za ukweli za ampea 15 hadi 20, ndio zile za drili za betri, mAh 2500 mpaka 3000, na kwa glaida inayokula ampea 10 kushuka chini zinafaa vizuri sana. Ila uwe na macho. Hakuna 18650 ya mAh 9900 duniani, nzuri nyingi zinaishia 3500 hivi, ukiona namba kama hiyo kwenye ganda rudisha. Na nenda na mzani mdogo, seli ya ukweli ina gramu 45 mpaka 50, ukikuta ya gramu 30 ndani hamna kitu.

Kuanzia hapa nitaongelea lipo.

Hatua ya 2: S ngapi

S ni idadi ya seli zilizofungwa kwa mstari. 2S ni volti 7.4, 3S ni 11.1, 4S ni 14.8. Hii hauchagui kwa kupenda, mota na propela ndio zinaamua. Kv ya mota inakwambia mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja bila mzigo, 1000 kv kwa 11.1 ni mizunguko 11,100, ukiweka propela inashuka.

Watu wanapoungua ni kwenye kuongeza seli moja "ili ipande kwa nguvu" huku propela ni ile ile. Ampea hazipandi sawa na volti, zinapanda karibu na mraba wake. Kutoka 3S kwenda 4S volti zimeongezeka theluthi moja, lakini ampea zinazidishwa kwa karibu 1.8, zile 18 zinakuwa 32 na ESC yetu ni ya 30. Wati zinakuwa zaidi ya mara mbili. Mota ya gramu 60 au 70 haina pa kupeleka moto huo wote, sumaku zinadhoofika, waya za ndani zinaungua. Ukitaka 4S basi propela ishuke inchi moja au mbili na upime upya. Kwa glaida ya mita 1.5 mpaka 2, 3S inatosha kabisa. Zile ndogo za mita moja zinaenda vizuri na 2S.

Hatua ya 3: Pima ampea, usikisie

Hii hatua wengi wanairuka na kila kitu kinachofuata kinaitegemea. Tafuta wati mita, kale kamashine kanakokaa katikati ya betri na ESC na kukuonyesha volti, ampea na wati. Kama hauna azima, chuoni au kwa mafundi wa sola utaipata. Betri iwe imejaa, mtu mwingine ashike ndege kwa nguvu au uifunge kwenye meza, ukae nyuma ya propela, kamwe sio mbele wala pembeni yake, afu peleka stiki mpaka mwisho kwa sekunde tano hivi na usome.

Tuseme umesoma ampea 18 na volti 10.8. Hizo ni wati 194. Gawanya kwa kilo 0.9 unapata kama wati 215 kwa kilo. Ukiwa na wati 100 kwa kilo glaida inapanda taratibu, 150 inapanda vizuri, ukifika 200 inapanda kwa pembe kali na unazima mota mapema. Kwa hiyo ndege yetu ina nguvu ya kutosha na ziada.

Sasa kuna jambo la kwetu hapa ambalo miongozo ya kwenye maboksi haiandiki. Sisi tuko juu. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 11 kuliko pwani, Kabale iko karibu mita 2,000 na huko inafika kama asilimia 18. Propela ikikata hewa nyepesi inavuta ampea chache kidogo na msukumo nao unapungua, kwa hiyo ukiona ndege inapanda kwa uvivu kuliko video ulizoziona usikimbilie kulaumu betri. Unaweza kuongeza propela kidogo, lakini pima kila unapobadilisha, na kama umepanga kwa hewa ya Kabale mpaka ESC iko kwenye ukingo wake, siku ukiipeleka Mombasa kwa likizo itavuta ampea zaidi na utaiunguza. Acha nafasi ya asilimia 20 au 30 chini ya uwezo wa ESC, kwa ESC ya 30 usivuke 22 au 24.

Hatua ya 4: mAh inatoka kwenye idadi ya kupanda

Chukua ampea, zidisha kwa sekunde za mota, gawanya kwa 3.6, umepata mAh za kupanda mara moja. 18 mara 30 ni 540, gawanya 3.6 ni 150. Kupanda mara moja kwa nusu dakika ni mAh 150 tu! Ukiiona hii namba kwa mara ya kwanza ndio unaelewa kwa nini mtu mwenye betri ya 2200 anarudi nyumbani na nusu ya umeme haijaguswa.

Sasa jiulize unataka kupanda mara ngapi kwa mruko mmoja. Hapa angalia anga lako. Mchana wa msimu wa jua, Januari au Julai, kuanzia saa tano mpaka saa tisa hivi, uwanja ukishapata joto utaona kalooli (wale korongo wakubwa) wanazunguka juu bila kupiga bawa, na mwewe pamoja nao, wale ndio wanakuonyesha hewa inapopanda. Siku kama hiyo unapanda mara moja au mbili na unakaa juu mpaka shingo iume. Asubuhi mapema hewa imetulia hamna kitu kinachopanda, kila dakika tatu nne unawasha mota. Kwa anayejifunza, mara tano au sita ni hesabu nzuri maana unahitaji pia umeme wa kuinuka tena pale unapokosea kutua.

Mara sita ni mAh 900. Ongeza chakula cha risiva (inayopokea amri za rimoti) na servo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani wa ndege) ambacho pia kinatoka kwenye betri hii hii kupitia BEC, sehemu ya kushusha volti iliyo ndani ya ESC, weka ampea 0.3 kwa wastani, dakika 45 ni kama mAh 225. Jumla 1125. Na lipo usiinywe mpaka chini, tumia asilimia 80 tu, kwa hiyo gawanya kwa 0.8, unapata karibu 1400. Betri yako basi ni 1300 au 1500. Ukitosheka na kupanda mara tatu, hesabu inashuka mpaka kama 850, na hiyo ni ndege nyepesi inayopendeza sana kwenye hewa dhaifu.

Hatua ya 5: C

C inasema betri inaweza kutoa ampea mara ngapi ya uwezo wake. Betri ya 1300 ni ampea-saa 1.3, unataka 18, gawanya 18 kwa 1.3 unapata 14. Kwa hiyo unahitaji 14C za kweli. Nimesema za kweli maana namba za kwenye plastiki zimekuzwa sana, mi nachukua nusu ya kilichoandikwa, ikisema 30C nahesabu 15C na moyo unatulia. Kwa ile ndogo ya 850 unahitaji 21C za kweli, basi tafuta iliyoandikwa 45C. Zaidi ya hapo unalipia na kubeba kitu ambacho glaida haikitumii, maana betri za 75C au 100C za drone za mashindano huwa nzito kuliko wenzake wa mAh hizo hizo.

Kinachosema ukweli kuliko C ni ukinzani wa ndani, chaja nyingi za kisasa zinaupima kwa miliomu. Seli tatu za miliomu 10 kila moja, kwa ampea 18 zinapoteza volti 0.54, hiyo haikusumbui. Betri hiyo hiyo ikizeeka ikafika miliomu 30 kwa seli unapoteza volti 1.6 na wati 29 zinageuka joto ndani ya pakiti yenyewe. Andika namba za siku ya kwanza, zikifika mara mbili au tatu yake betri imeshazeeka hata kama bado inaonekana nzuri kwa nje.

Hatua ya 6: Uzito na mahali inapokaa

Hapa ndio moyo wa jambo lote. 3S 850 ina kama gramu 75, 3S 1300 kama 110, 3S 2200 kama 185. Kutoka 1300 kwenda 2200 umeongeza gramu 75 kwenye ndege ya 900. Glaida ikiongezeka uzito haipotezi umbali inaoweza kuteleza, inateleza pembe ile ile ila kwa kasi zaidi, na kwa kasi hiyo inashuka haraka zaidi. Asilimia 8 ya uzito inakupa kama asilimia 4 ya kasi ya kushuka. Mchana wenye hewa kali hautaisikia. Jioni hewa imelegea, pale ambapo ndege nyepesi inakaa palepale bila kushuka, yako inashuka polepole mpaka chini. Siku ya upepo mambo yanageuka, uzito kidogo unasaidia ndege isisukumwe nyuma, na watu wenye betri mbili za saizi tofauti wanachagua kulingana na siku, hiyo ndio sababu pekee nzuri ya kuwa na 2200.

Lakini kabla ya yote kuna kitovu cha uzito. Kitabu cha ndege kinakwambia ni milimita ngapi kutoka ukingo wa mbele wa bawa, na glaida ina mkia mrefu kwa hiyo inahitaji uzito puani. Ukinunua betri nyepesi sana utalazimika kubandika risasi puani, na risasi haitoi umeme, hapo ni bora betri kubwa kidogo. Ukinunua nzito sana na chumba hakirudi nyuma, ndege itakuwa inainamisha pua muda wote na utairusha ukiwa umevuta elevetaa (kile kibawa cha mkiani kinachoinua pua).

Kwa hiyo jaribu kabla ya kununua, haigharimu kitu. Angalia vipimo vya betri unayoitaka na uzito wake kwenye tangazo, kata boksi la biskuti utengeneze kiboksi cha vipimo hivyo hivyo, jaza mchanga mpaka mzani useme gramu 110, kiweke puani na ubebe ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa pale panapotakiwa. Inakaa sawa? Kifuniko kinafunga bila kulazimisha? Waya zina pa kupita? Kama inataka kurekebishwa kidogo sogeza kiboksi, gramu 110 ukizisogeza sentimita 2 kitovu cha ndege ya gramu 900 kinahama kama milimita 2.4, na hizo milimita utazisikia angani. Ikikaa vizuri weka alama kwa kalamu ndani ya mwili ili betri irudi palepale kila siku.

Acha pia nafasi ya hewa. Betri, ESC na mota zote ziko kwenye bomba moja jembamba, hewa iingie puani na itoke nyuma kwenye tundu kubwa kuliko la kuingilia. Na betri ifungwe kwa velkro mbili, moja ya kubandika na moja ya kuzungushia kama mkanda, maana glaida ikigonga ardhi kwa pua betri ndio inayofuata mbele na kutoboka.

Hatua ya 7: Plagi

Haraka tu. XT60 inatosha na inabaki, XT30 ni nyepesi na inafaa mpaka ampea 30 za muda mfupi. Zile nyekundu ndogo za JST ni za ampea chache, usiziweke kwenye mota ya 18. Chagua aina moja ndege zako zote. Ukibadilisha plagi ya betri kata waya mmoja, solda, funika, ndio ukate wa pili, kwa sababu mkasi ukikata nyekundu na nyeusi kwa pamoja ni shoti na cheche usoni. Betri siku zote inakaa na plagi ya kike, ile ambayo vyuma vyake vimejificha.

Hatua ya 8: Kuipata na kuikagua

Wengi wetu tunaagizia Nairobi au nje kabisa. Kama kuna mtu anakuja kwa basi kupitia Busia au Malaba ni rahisi. Anayekuja kwa ndege abebe mkononi, sio kwenye begi la chini, vyuma vya plagi vifunikwe kwa tepu, na chini ya wati-saa 100 kwa betri mashirika yanakubali kwa kawaida, yetu ya 3S 1300 ni 14 na kidogo tu na ya 2200 ni 24. Kutuma kama kago ni kazi, tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kwenye kago ya ndege za abiria, ndio maana kampuni nyingine zinakataa kabisa au zinachukua muda mrefu. Na kwa vile Uganda ndege zisizo na rubani zina kanuni zake, ulizia UCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kabla ya kuingiza au kurusha, na kaa mbali na viwanja vya ndege vya Entebbe na Kajjansi.

Ikifika mkononi, au ukinunua kwa mtu, toa multimita. Pima kila seli kwenye plagi nyeupe ya kusawazisha, 3S ina waya nne. Mpya huwa zinakuja karibu na 3.8. Seli zisitofautiane zaidi ya volti 0.03. Moja ikiwa chini ya 3.0 usichukue hata kwa bei ya bure. Bonyeza kwa kidole, iwe bapa na ngumu kiasi, iliyovimba au inayonukia tamu tamu kama rangi ya kucha iache palepale. Mwisho ipime uzito, kama 1300 ina gramu 80 basi ndani sio 1300.

Na kama bajeti inaruhusu nunua mbili za 1300 badala ya moja ya 2600. Moja iko angani moja inachajiwa, na ndege inabeba nusu ya uzito wa betri.

Hatua ya 9: Chaja, na umeme wetu huu

Chaja iwe ya kusawazisha seli, inayoishia 4.20 kwa kila seli, na uweze kuchagua "LiPo" na idadi ya S mwenyewe. Chaja ya pikipiki au ya NiMH kwenye lipo ni moto, hamna mjadala. Chaji kwa 1C, yani 1300 kwa ampea 1.3, inachukua saa moja na kidogo.

Umeme ukikatika katikati haudhuru betri, chaja inazima tu, lakini ukirudi chaja nyingi haziendelei zenyewe, utatoka asubuhi na betri nusu ukidhani imejaa, kwa hiyo pima kabla ya kwenda uwanjani. Unaporudi kwa kishindo ndio unaua chaja, tumia stabilaiza au chomoa mpaka utulie. Nzuri zaidi ni chaja inayokubali volti 12, unachajia kwenye betri ya gari au ya sola. Kuijaza 3S 1300 kunachukua kama ampea-saa 1.5 kutoka kwenye betri ya volti 12, kwa hiyo betri ya sola ya ampea-saa 50 inakujazia mara kumi na bado haijashuka hata theluthi.

Pa kuchajia: sakafu ya simenti, betri ndani ya sigiri ya udongo iliyostaafu au chungu, bila kufunika kabisa, ndoo ya mchanga pembeni, mbali na godoro, mapazia na boda yenye petroli. Usiende sokoni ukaiacha, usilale. Nalisisitiza hili kwa sababu vyumba vyetu vingi ni vya mlango mmoja na moto ukianzia mlangoni we hauna pa kupitia, kwa hiyo usichajie karibu na mlango pia.

Msimu wa mvua unavuruga mipango, umechaji Ijumaa usiku, Jumamosi imenyesha, Jumapili imenyesha. Lipo iliyojaa isikae zaidi ya siku mbili tatu, irudishe kwenye 3.80 mpaka 3.85 kwa seli, chaja ina kitufe cha kuhifadhi. Kama anga la Machi au Aprili haueleweki chaji asubuhi yenyewe. Na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, joto la mle ndani linaweza kuvuka nyuzi 60.

Hatua ya 10: Miruko ya kwanza

Kwenye ESC chagua lipo na weka kikomo 3.3 kwa seli, na ichague ile ya kupunguza nguvu polepole, sio ya kukata ghafla. Weka taima ya transmita ihesabu muda wa mota tu, taima ya mruko mzima haikusaidii kwenye glaida. Mruko wa kwanza panda mara tatu, tua, chaji, soma mAh ngapi zimerudi. Kama chaja imerudisha nyingi kuliko hesabu yako ya mota pamoja na risiva na servo basi ampea au sekunde zako ni nyingi kuliko ulivyodhani, rekebisha taima. Betri ikitulia baada ya kutua iwe juu ya 3.75 kwa seli.

ESC ikikata mota bado BEC inalisha risiva na servo, ndio maana unaweza kutua. Usiendelee kubonyeza mota iamke tena na tena, na usifuate hewa inayopanda kwa dakika ishirini zaidi eti mota hauihitaji, kwa sababu servo bado zinakula kutoka kwenye betri iliyokwisha na hiyo ikizima ndege haina mwenyewe. Mota ikikatwa, elekea uwanjani.

Kila betri ipe namba na tarehe kwa kalamu ya maka, na daftari dogo la ukinzani wake. Ikianza kuvimba, au seli moja inabaki nyuma kila ukichaji, iondoe kwenye ndege. Ile ambayo ganda lake ni zima imalize umeme wote kwa balbu ya gari ya volti 12, ukiwa nje, mpaka multimita isome sifuri, kata plagi waya mmoja mmoja, ziba kwa tepu, na uwapelekee wanaokusanya taka za elektroniki. Iliyotoboka au inayofuka usiishike, ifukie kwenye mchanga nje mpaka itulie. Kwenye shimo la takataka la nyumbani usiitupe, maana lile shimo jioni mtu atalichoma na watoto watakuwa wamesimama pembeni.